Kurudisha pembe ya kutazama ya TV: namna ya kuchagua na kubandika utando wa polaraiza

Jumamosi moja mama mwenye kibanda cha mpira hapa Kondele, Kisumu, alinipigia simu kabla hata mapumziko hayajafika. "Mwanangu, njoo ujionee. TV uliyonitengenezea inaonyesha watu wa katikati peke yao." Ilikuwa siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, na kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Nilipofika niliketi benchi la mbele, katikati: picha safi. Nikahamia benchi la pembeni, lile linaloegemea mabati. Nyasi zimepauka, jezi za kijani ziko kama zimefuliwa kwa jiki, na kivuli cha jukwaa kilichopaswa kuwa cheusi tititi kimekuwa kijivu kama moshi wa kuni.

Lawama ile ilikuwa yangu. Wiki mbili kabla, utando wa nje wa TV hiyo ulikuwa umeharibiwa na jua la saa kumi linaloingia mlangoni. Ulikuwa umefanya mapovu na kugeuka rangi ya chai. Niliubandua, nikanunua utando mpya wa polaraiza, ile plastiki nyembamba inayochuja mwanga wa skrini, nikaubandika bila povu hata moja. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba utando niliotoa ulikuwa na tabaka moja ambalo ule nilioweka haukuwa nalo.

Uwezo wa TV kuonekana kutoka ubavuni hauko kwenye kioo peke yake. Sehemu kubwa imo ndani ya utando wenye unene wa takriban milimita 0.2, na ukiubadilisha bila kujua ndani yake mna nini, unamrudishia mteja TV ya kutazamwa na mtu mmoja.

Kwanza elewa unachokipoteza

Kioo cha LCD kina tando mbili za polaraiza, moja nyuma na moja mbele. Kila moja huruhusu mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, na zimewekwa kwa kukingamana. Katikati, kati ya vioo viwili vyembamba, mna kimiminika chenye molekuli ndefu kama penseli zilizojipanga. Volti zikizigeuza penseli hizo, mwanga unapinda na kupita polaraiza ya pili, au unakwama na unaona giza.

Mpangilio huo umepimwa kwa mtu aliye mbele. Fikiria shamba la mahindi lililopandwa kwa mistari. Ukisimama mwanzo wa mstari unaona hadi mwisho wa shamba. Sogea hatua tatu kando, mabua yanakuziba, ingawa hakuna bua lililosogea. Mwanga unaopita kwenye kioo kwa mshazari nao hukutana na molekuli kwa mlalo tofauti, hupinda kwa kiasi kisichokusudiwa, na sehemu iliyopaswa kuwa nyeusi huvuja.

Hata bila kimiminika chochote, tando mbili zenyewe huvuja. Jaribu: chukua vipande viwili vya polaraiza, vikingamanishe mbele ya dirisha mpaka viwe vyeusi, kisha viinamishe kuelekea kona, kwa mshazari. Utaona weusi unafifia na mwanga unapenya. Kwa jicho lililo kwenye kona, pembe kati ya tando hizo si digrii 90 tena.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka tabaka la tatu, ambalo mimi huliita utando wa kusawazisha. Kazi yake ni kupinda mwanga kinyume na vile kimiminika kilivyoupinda, ili makosa mawili yafutane. Tabaka hili hubandikwa ndani ya polaraiza kiwandani, upande unaogusa kioo. Ukibandua polaraiza, umeondoka nalo.

Kila aina ya paneli ina tabaka lake. Kwenye TN, aina ya paneli iliyotumika sana kwenye laptopu na monita za bei nafuu, molekuli hujisokota digrii 90 kutoka kioo kimoja hadi kingine. Volti zikija, za katikati husimama wima lakini zilizo karibu na kioo hubaki zimeinama, na huko kuinama ndiko kunakoharibu picha ukiwa pembeni. Miaka ya 1990 kampuni ya Fujifilm ya Japani ilitoa utando wenye molekuli bapa kama sahani: upande mmoja sahani zimelala karibu kabisa, na kadiri unavyokwenda upande wa pili zinazidi kuinuka, zikifuata mwinamo wa penseli za ndani. Kwenye VA, ambayo TV nyingi za sebuleni hutumia, molekuli husimama wima wakati wa giza, basi utando wake hufidia wima huo. IPS ni tofauti. Molekuli zake hulala na kuzunguka zikiwa zimelala hivyo hivyo, na inachohitaji zaidi ni polaraiza ambayo ngozi yake ya ndani haipindi mwanga kabisa. Ukiibandikia utando wa VA au wa TN umeiharibu.

Hatua ya 1: Hakikisha shida ni utando

Usifungue TV kabla ya kuuliza maswali mawili. Je, hapo awali ilionekana vizuri kutoka pembeni? Na imetundikwa wapi? Monita ya TN ikitundikwa juu ya kichwa, anayeitazama kutoka chini ataona rangi zimegeuka, nyuso zimekuwa nyeusi na vivuli vyeupe, ingawa utando wake ni mzima kabisa. Hapo dawa ni kuiinamisha imwelekee mtazamaji. Kama imeunganishwa na kompyuta, ipindue juu chini ukutani, kisha uzungushe picha digrii 180 kwenye mipangilio ya skrini. Upande mbaya wa TN ni wa chini, na ukiipindua, upande huo unaelekea dari. Nimewafanyia hivyo watu wa saiba wawili mjini na hakuna aliyelipia kipuri.

Usiamini pia ile namba ya digrii 178 iliyoandikwa kwenye kartoni. Kwa kawaida inahesabiwa hadi mahali ambapo nyeupe inabaki na mwanga mara 10 tu ya nyeusi. Paneli ambayo mbele ina tofauti ya mara 3,000 inaweza kuporomoka hadi 10 na bado ikahesabiwa kuwa "inaonekana". Namba hiyo haisemi lolote kuhusu rangi.

Hatua ya 2: Tambua aina ya paneli

Weka picha yenye uso wa mtu na sehemu kubwa nyeusi. Itazame kutoka chini, kutoka ubavuni, kisha kutoka kona. Ikigeuza rangi kutoka chini, hiyo ni TN. Ikiwa nyeusi kabisa mbele lakini rangi zinapauka taratibu kadiri unavyosogea kando, ni VA. Ikiwa rangi zinadumu hadi ubavuni lakini weusi una mng'ao hafifu kwenye kona hata ukiwa mbele, ni IPS. Ukishafungua, kibandiko cha nyuma ya paneli kitakupa namba ya modeli. Ipige picha, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kutafuta kipuri.

Hatua ya 3: Upime utando wa zamani kabla ya kununua mpya

Siku ile niliiruka hatua hii, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Kata kipande cha sentimita tano kutoka sehemu nzima ya utando uliobandua. Andika kwa marka upande wenye gundi. Chukua laptopu yoyote, ifanye skrini iwe nyeupe tupu. Mwanga unaotoka humo tayari umepita kwenye polaraiza, basi skrini yenyewe ni kifaa chako cha kupimia. Weka kipande mbele yake, gundi ikielekea skrini, kizungushe mpaka kiwe cheusi. Sasa usikiguse tena. Sogeza kichwa chako kushoto, kulia, juu, chini, na kwenye kona nne, ukiangalia weusi unavuja wapi na unavuja rangi gani. Kisha geuza kipande, gundi ikuelekee wewe, kizungushe tena mpaka kiwe cheusi, urudie safari ile ile ya kichwa.

Kama pande zote mbili zinavuja sawasawa, hiyo ni polaraiza ya kawaida. Kama gundi ikielekea skrini unaona weusi unavuja kwa namna moja, na ukikigeuza unavuja kwa namna nyingine, basi kuna tabaka la kusawazisha upande wa gundi. Sababu ni nyepesi: tabaka hilo hufanya kazi likiwa katikati ya polaraiza mbili, na ukiligeuza linabaki nje ambako halina la kufanya. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili, kwa kile kipande cha TV ya mama nilichokiokota kwenye takataka za karakana, tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba kijana ninayemfundisha aliiona akiwa amesimama nyuma yangu.

Fanya vivyo hivyo kwa utando mpya kabla ya kulipa. Muuzaji wa haki hatakukatalia dakika mbili.

Hatua ya 4: Kutafuta utando unaofaa

Tando zinazouzwa kwa fundi huandikwa digrii: 0, 90, 45 au 135. Hizo ni za mwelekeo wa kupitisha au kuzuia mwanga, hazielezi kama kuna tabaka la kusawazisha. Paneli za TN kwa kawaida hutumia 45 na 135, za VA na IPS hutumia 0 na 90. Nyingi kati ya hizi za dukani ni polaraiza za kawaida.

Ukipata kipande kisichoandikwa kitu, mwelekeo wake unaujua kwa maji. Nenda ufukwe wa Dunga asubuhi, simama mahali jua linapong'aa juu ya ziwa mbele yako, utazame mng'ao huo kupitia utando huku ukiuzungusha. Mwanga unaorudi kutoka kwenye maji kwa mshazari hutetemeka zaidi kwa mlalo. Pale mng'ao unapozimika na kuanza kuona maji yenyewe, ujue utando unapitisha mwanga wa wima. Chora mshale hapo hapo. Kama uko mbali na ziwa, sakafu iliyomwagiwa maji au meza ya kioo itafanya kazi hiyo, bora uitazame kwa mshazari.

Njia ninayoiamini zaidi ni kutoa utando kwenye paneli ya modeli ile ile iliyovunjika kioo. TV zilizopigwa na rimoti au mpira wa watoto zimejaa kila karakana, na kioo kikishapasuka hakuna anayekitaka, ilhali utando wake ni mzima na una tabaka sahihi. TV ya mama niliiponya hivyo, kwa paneli niliyoipata soko la Kibuye.

Hatua ya 5: Kufungua

Chomoa umeme na usubiri. Kapasita kubwa ya upande wa umeme hubaki na zaidi ya volti 300, na mistari ya LED ya taa za nyuma huweza kupita volti 100. Pima kwa multimita kabla ya kuingiza mkono. Kioo ni vipande viwili, kila kimoja hakifiki milimita moja, basi kwa inchi 43 shikeni watu wawili. Riboni nyembamba za ukingoni zisikunjwe wala kubeba uzito. Riboni moja ikichanika, umepata mstari kwenye picha ambao hakuna utando utakaouponya.

Hatua ya 6: Kubandua

Kabla ya kuinua kona yoyote, andika juu ya utando kwa marka: JUU, KUSHOTO, MBELE. Polaraiza ya kawaida ukiizungusha digrii 180 inabaki ile ile. Ile yenye sahani za TN haibaki. Ukiibandika juu chini, mwinamo wa sahani unaongezeka juu ya mwinamo wa penseli badala ya kuufuta, na pembe inakuwa mbaya kuliko kama usingeweka chochote. Picha ya mbele itakuwa safi kabisa, hivyo kosa hulioni mpaka mteja akupigie simu.

Laza kioo juu ya blanketi bapa. Pasha kona kwa draya ya nywele, joto dogo, ukiisogeza kila wakati. Usitumie blowa ya kuyeyushia risasi. Inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, si kwa wembe. Kwenye utando unaotaka kuuokoa, weka bomba la plastiki la maji juu ya kona iliyoinuka na uuviringishe utando kwenye bomba taratibu, sentimita kwa sentimita. Ukiuvuta kwa mkono utaukunja, na mkunjo wa polaraiza haufutiki. Kwa kioo kilichopasuka, funika nyufa za upande wa pili kwa selotepu pana kwanza na uvae glavu nzito. Gundi ya polaraiza imetengenezwa kushikamana na utando kuliko kioo, basi ukienda polepole nyingi itatoka nao. Ifunike mara moja kwa karatasi laini ya kinga iliyotoka kwenye utando mwingine.

Mabaki ya gundi kwenye kioo kizuri yalowe kwa spiriti ya isopropili kwenye kitambaa, dakika chache, kisha uyasukume kwa kadi ya plastiki. Kitambaa kiwe na unyevu tu. Spiriti isitiririke kuelekea ukingoni kwenye riboni.

Hatua ya 7: Jaribu kwanza, ndipo ubandike

Washa TV, laza utando bila kuondoa karatasi ya kinga, utembee nusu duara mbele yake. Karatasi hiyo ina ukungu wake, lakini mwelekeo mbaya utauona: picha iliyogeuka rangi kama negativu ni digrii 90 za makosa. Ukiridhika, zima.

Adui mkubwa wa kubandika ni vumbi. Nyunyizia sakafu maji, funga madirisha, zima feni, usubiri robo saa vumbi litue. Anza kwa ukingo mmoja, fungua sentimita kumi za karatasi ya kinga, panga kona mbili sawasawa, ndipo uendelee kwa rola ya mpira huku msaidizi akivuta karatasi. Vipovu vidogo vya hewa hujifuta ndani ya siku moja au mbili. Vyenye chembe ya vumbi katikati havifutiki.

Wengine hupachika utando kwa selotepu pembeni bila gundi. Kwa utando wa nyuma hilo linavumilika, kwa kuwa unashikiliwa na karatasi za taa. Kwa wa mbele sikubaliani nalo hata kidogo: hewa iliyobaki katikati inarudisha mwanga wa chumba, picha inapata ukungu, na joto likija utando unajikunja.

Kuhusu karatasi za taa za nyuma

Ukiwa umefungua, utakuta karatasi nyeupe za kusambaza mwanga na karatasi ya prizimu, yenye mifereji midogo inayokwaruza ukucha. Prizimu huukusanya mwanga na kuupeleka mbele. Ipo fikra kwamba ukiitoa, pembe inapanuka. Mwanga utatawanyika zaidi, ni kweli, lakini katikati patafifia, na ule uliokwenda pembeni unapita kwenye kimiminika kwa mshazari ule ule mbaya, basi utakuwa umeangazia picha iliyopauka. Rudisha kila karatasi kwa mpangilio na upande wake.

Utando wa kutawanya mwanga huwekwa mbele, baada ya mwanga kupita polaraiza ya mwisho. Huko unatawanya picha iliyokwisha kuwa sahihi. Sony waliweka safu ya namna hiyo kwenye TV zao za VA za bei kubwa kuanzia 2018, na weusi wa mbele ulipungua kidogo kama gharama ya pembe. Utando mchovu wa kupunguza mng'ao unaouzwa kwa mita hautafanya kazi hiyo. Unatia ukungu tu. Na ule wa faragha wa laptopu una vipazia vidogo vya kuziba pembe, kwa hiyo unafanya kinyume kabisa cha unachotafuta.

Hatua ya 8: Pima kwa futi kamba

Simama mita moja mbele ya katikati ya TV, kisha mita moja kando: hapo uko digrii 45. Sentimita 173 kando ni digrii 60. Weka picha yenye nyeusi, kijani na uso wa mtu. Piga kwa simu ukiwa mbele, ukiwa 45 na ukiwa 60, kulia na kushoto, kiwango cha mwanga cha kamera kikiwa kimefungwa kisijirekebishe. Linganisha picha hizo, usitegemee kumbukumbu ya macho. Kulia na kushoto zikitofautiana sana, utando wako umegeuzwa au umeinama.

Kwa TV ya Kondele nilipima benchi la mabati lenyewe: digrii 55 na ushei. Baada ya utando wa pili kijani kilibaki kijani, na mama aliketi hapo mwenyewe kipindi kizima cha pili. Tulikubaliana kwamba kabla ya wikendi iliyofuata atatundika pazia zito mlangoni, kwa sababu jua lile la saa kumi bado linaingia pale pale.